Toni zinasikika wazi lakini fremu hazisomeki: nianzie wapi na redio ya pakiti?

#1 MkaaziKasarani

Hamjambo wanachama. Nimepata leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na badala ya kuanza na mazungumzo ya sauti kama wengi wanavyofanya, nimeamua kuanza na mawasiliano ya pakiti, yaani kutuma data za kompyuta kwa toni, zikiwa katika vifurushi viitwavyo fremu. Nina redio ya mkononi ya wati 5, kipakatalishi chenye Linux na programu ya Dire Wolf inayogeuza data kuwa toni na toni kuwa data, kadi ndogo ya sauti ya USB, pamoja na kebo niliyoiunganisha mwenyewe. Rafiki yangu aliye Roysambu anatumia programu hiyo hiyo. Tuko kwenye 144.800 MHz, na nikipanda juu ya paa la ploti yetu ninaiona antena yake kwa macho.

Shida ni hii: nikituma, yeye husikia toni zangu kwa nguvu na bila mkwaruzo wowote, lakini programu yake haiandiki kitu isipokuwa fremu moja moja kwa nadra. Yeye akituma, mimi husoma karibu kila kitu. Jambo la pili, kuna watu wanaoniambia kwamba bila kununua TNC, yaani kile kisanduku cha modemu ya pakiti, nitapoteza muda wangu bure. Je, ni kweli?

#2 FundiWaLuthuli

Karibu. Umejijibu mwenyewe uliposema kwamba anasikia toni zako "kwa nguvu". Tundu la hedifoni la kompyuta linaweza kutoa karibu volti 1, ilhali mlango wa maikrofoni wa redio ya mkononi unatarajia milivolti tu. Ukiunganisha moja kwa moja, redio hulazimika kuikata sauti hiyo isije ikavuka mipaka ya chaneli, na toni iliyokatwa vichwa si toni tena. Sikio la binadamu halitambui tofauti, lakini modemu inatambua.

Tafuta rezista ya ohmu 10,000 na nyingine ya ohmu 100, uzipange kama kigawanya volti ili sauti ipungue takriban mara mia moja, kisha uweke kapasita ndogo ya kuzuia umeme mnyoofu unaotoka kwenye maikrofoni ya redio. Vitu hivyo vyote utavipata hapa barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa bei isiyofika nauli yako ya kuja mjini na kurudi. Baada ya hapo mwombe mtu mwenye redio nyingine asikilize huku wewe ukipandisha sauti polepole: kuna mahali ambapo sauti haiongezeki tena hata ukizidi kupandisha. Rudi chini ya hapo kidogo, na utakuwa karibu na mchepuko unaotakiwa, yaani kiasi ambacho sauti huyumbisha masafa, wa kHz 3 hadi 3.5.

#3 MhandisiJuja

Ninamheshimu Fundi, lakini kila tatizo linalofika dukani kwake hutibiwa kwa rezista. Mimi ningeuliza kwanza: ndugu Kasarani, redio yako inaamrishwaje kuanza kurusha? Kuna waya unaobonyeza kitufe cha kusemea, au umeiachia redio yenyewe ijiwashe inaposikia sauti, yaani VOX?

Ninauliza kwa sababu fremu ya AX.25, itifaki ya pakiti ya wanaridhaa, haina huruma. Huanza na bendera, ambayo ni biti 01111110, zikafuata anwani ya anayeandikiwa na ya anayetuma, kisha baiti za udhibiti, ujumbe wenyewe, na mwishoni baiti mbili za kukagua kila kilichotangulia. Hesabu ya mwisho isipokubaliana na kilichopokelewa, fremu yote hutupwa. Kwa hiyo redio yako ikichelewa kuamka na kuumeza mwanzo wa anwani, rafiki yako atasikia sauti safi ya sekunde nzima na programu yake itakaa kimya, kama unavyoeleza. Thamani ya TXDELAY kwenye Dire Wolf, usipoigusa, ni 30, na kila kimoja ni sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo una milisekunde 300 za bendera kabla ya ujumbe. VOX ya redio nyingi za bei nafuu huweza kuzila zote.

#4 MkaaziKasarani

Shukrani kwa nyote wawili. Ni kweli natumia VOX, na sijagusa TXDELAY. Rezista sina, kebo imekwenda moja kwa moja. Naona kila mmoja wenu amepata cha kushika.

#5 MzeeWaMawimbi

Vijana, mnamjibu mtu kuhusu rezista kabla hajajua anaingia katika nyumba ya nani. Teknolojia hii ilianza Marekani mwaka 1982 huko Tucson, jimbo la Arizona, wakati kikundi cha TAPR kilipotengeneza visanduku vya TNC na kuvieneza duniani. Mimi nilijifunza kwa kisanduku cha namna hiyo, nikiandika amri moja moja kwenye skrini ya kijani, na hakikuhitaji Linux, wala kusasishwa, wala kubembelezwa. Kasarani, jibu la swali lako la pili ni ndiyo. Nunua TNC, uiunganishe, ulale usingizi.

#6 BintiLimuru

Shikamoo Mzee. Naomba nisahihishe mambo mawili kwa heshima zote.

Kwanza, TAPR ilianzishwa mwaka 1982, hilo ni kweli, lakini Wakanada walitangulia. Majaribio ya kwanza ya pakiti katika redio ya ridhaa yalifanyika Montreal mwaka 1978, na kikundi cha Vancouver kikatengeneza TNC yake kabla ya Tucson. Marekani ilibidi isubiri hadi 1980 ndipo wasimamizi wa masafa wakaruhusu wanaridhaa kutuma ASCII, msimbo wa maandishi ya kompyuta. Tena ukitaka kwenda kwenye chimbuko lenyewe la kutuma pakiti hewani, itakubidi uende Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake waliwasha ALOHAnet mwaka 1971. Toleo la 2.0 la AX.25, ambalo ndilo tunalolitumia hadi leo kwa sehemu kubwa, lilichapishwa na ARRL, chama cha wanaridhaa wa Marekani, mwaka 1984.

Pili, kisanduku hakina ubora zaidi ya programu. Chipu ya modemu ya miaka ile inasikiliza kwa namna moja tu, ilhali Dire Wolf inaweza kuendesha visomaji kadhaa kwa pamoja, kila kimoja kikikisia kwa namna yake uwiano wa toni mbili, na kimoja kikifaulu fremu inapatikana. Tangu Mike Chepponis na Phil Karn walipobuni KISS, itifaki rahisi kati ya kompyuta na TNC, mwaka 1987, kazi kubwa ya kufikiri ilihamia kwenye kompyuta, kikabaki kisanduku kinachogeuza biti kuwa sauti na sauti kuwa biti. Kasarani, pesa za TNC zitumie kwenye kebo nzuri na antena.

#7 MzeeWaMawimbi

Marahaba binti yangu. Montreal nimekubali. Kuhusu kisanduku sijakubali, kwa sababu hakuna siku kisanduku changu kilinipigia tarumbeta ya barua pepe mpya katikati ya fremu, jambo ambalo kompyuta zenu hufanya na kulirusha hewani kwa wati 5.

#8 FundiWaLuthuli

Hapo Mzee amesema kweli. Zimeni sauti zote za mfumo kwenye kadi ile ya redio, na mzime pia kila kitu kinachojiita uboreshaji wa sauti.

#9 KijanaWestlands

Samahani kuingilia. Nimetazama video nyingi na zote zinasema chaneli ya APRS, mfumo wa kutangaza mahali ulipo na ujumbe mfupi kwa pakiti, ni 144.390. Huenda ndugu Kasarani yuko kwenye masafa yasiyo sahihi tangu mwanzo. Mimi niko 144.390 na sijasikia hata toni moja, nikadhani ni kawaida ya Nairobi.

#10 MzeeWaMawimbi

Hiyo ni ya Amerika Kaskazini, kijana. Dunia imegawanywa kanda tatu na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na Kenya iko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya na Afrika nzima. Huku ni 144.800. Hao waliotengeneza video wanaishi Ohio, hawana habari na Westlands.

#11 BintiLimuru

Narudi kwa tatizo lenyewe, kwa sababu kuna dalili ambayo Fundi na Mhandisi wameiruka. Shida iko upande mmoja tu: Kasarani husoma, rafiki hasomi. Nyote mmechukulia kwamba kosa liko kwenye urushaji wa Kasarani, lakini linaweza vilevile kuwa kwenye upokeaji wa Roysambu.

Pakiti ya kasi ya 1200, yaani biti 1200 kwa sekunde, hutumia toni mbili, ya Hz 1200 na ya Hz 2200. Redio ya FM, sauti inapoingia kwa maikrofoni, huinyanyua ile ya juu kuliko ya chini, na redio inayopokea huishusha tena kabla ya kuipeleka kwenye spika. Kwa hesabu, unyanyuaji huo kati ya toni hizi mbili ni zaidi kidogo ya desibeli 5. Ukipokea kwenye tundu la spika, mambo yanasawazika. Lakini ukichukua sauti mbichi, kabla haijashushwa, toni ya juu inabaki imezidi na visomaji vingine hushindwa. Rafiki yako anatumia redio gani, na sauti anaitoa wapi?

#12 RafikiWaRoysambu

Mimi ndiye huyo rafiki. Ninatumia redio ya gari niliyoifunga mezani, na sauti ninaitoa kwenye tundu la data lililo nyuma, lile dogo la duara lenye pini sita. Kwenye menyu kuna chaguo la 1200 au 9600. Niliweka 9600 kwa sababu nilidhani kubwa ni bora.

#13 BintiLimuru

Basi. Chaguo la 9600 hutoa sauti mbichi kutoka kwenye kigunduzi cha FM, kwa ajili ya modemu ya kasi ya 9600 iitwayo G3RUH, ambayo haitumii toni kabisa. Chaguo la 1200 ndilo linalotoa sauti iliyosawazishwa. Badilisha, kisha angalia namba ambazo Dire Wolf huandika kila inaposoma fremu. Baada ya neno la kiwango cha sauti huja namba moja, kisha mbili ndani ya mabano, kwa mfano 49(18/17). Ile ya kwanza ni kiwango cha jumla na inapaswa kuzunguka 50. Zile mbili ni nguvu za toni ya chini na ya juu, na zikiachana sana mmepata mchawi.

#14 MhandisiJuja

Dada Limuru, nadharia yako ni nzuri, lakini ulisema mwenyewe katika #6 kwamba Dire Wolf huendesha visomaji kadhaa vyenye kukisia uwiano tofauti. Kama ni hodari kiasi hicho, desibeli 5 zingemshinda vipi? Mimi bado niko kwenye VOX.

#15 BintiLimuru

Huweza kuendesha, Mhandisi, ikiwa mtumiaji amepanga hivyo. Sikusema inafufua wafu. Na kama Fundi naye yuko sahihi kwamba sauti imekatwa vichwa, basi desibeli 5 juu ya sauti iliyokwisha kuharibika ni jambo tofauti na desibeli 5 juu ya sauti nzima.

#16 MkaaziSouthC

Mimi nina pendekezo la kuwaondoa wawili hawa kwenye mashaka ya nani mkosaji: kila mmoja ajipime kwa kituo cha tatu ambacho kinajulikana kuwa kizima, nacho ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Ndani yake kuna redio ya wanaridhaa ambayo, inapokuwa katika hali ya pakiti, hurudia fremu kwenye 145.825 MHz, ikipokea na kutuma kwenye masafa hayo hayo kwa kasi ya 1200. Ukiandika ARISS kwenye njia ya fremu yako, kituo hicho huirudisha chini ikiwa na alama yako ya mwito, yaani jina lako la hewani.

Huhitaji mitambo ya kutisha. Kituo kiko kilomita takriban 400 juu, na kikipita karibu na utosi hukaa juu ya upeo kwa dakika zipatazo kumi. Athari ya Dopla kwenye masafa haya haifiki hata kHz 4, kwa hiyo redio ya FM huivumilia bila wewe kugusa kitufe. Mimi nilisoma fremu zangu za kwanza nikiwa kwenye roshani ya nyumba yangu South C, nikiwa nimeshika antena ya yagi iliyotengenezwa kwa utepe wa futi ya fundi chuma, huku jirani akiniuliza kama natafuta DStv. Siku hiyo nilikuwa napokea tu, na nilipokea vituo nisivyowahi kuvisikia kwa njia nyingine yoyote.

Muwe na subira na ratiba. Njia yake imeinama nyuzi 51.6, kwa hiyo sisi tulio karibu na ikweta tunapata mapito machache kwa siku kuliko watu wa Ulaya. Tena wakati mwingine redio ile huwa imezimwa au imewekwa katika hali ya sauti, kwa hiyo ukimya wa siku moja usiuchukulie kuwa ushahidi.

#17 KijanaWestlands

Kumbe! Nimehamia 144.800, shukrani Mzee. Na kuhusu anga, je, ile setelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi nayo ilikuwa ya pakiti?

#18 MkaaziSouthC

1KUNS-PF iliachiwa kutoka kwenye kituo hicho hicho mwezi wa Mei 2018, na takwimu zake zilishuka kwa masafa ya wanaridhaa katika bendi ya sentimita 70. Haikuwa dijipita ya kurudia fremu za watu. Nayo haiko tena angani.

#19 MamaSola

Mmesema kuhusu rezista, VOX na tundu la nyuma, na hakuna aliyeuliza antena ya Kasarani iko umbali gani na kipakatalishi. Ninafunga mitambo ya sola, na kelele za redio ndizo mkate wangu wa kila siku. Ukirusha wati 5 huku antena ya mpira ikiwa imesimama juu ya meza ile ile, kebo yako ya sauti nayo inakuwa antena. Mawimbi yako mwenyewe huingia kwenye kadi ya USB, yakaharibu sauti unayoirusha wakati huo huo unapoirusha. Hili linaelezea kwa nini shida ni ya upande mmoja: wakati wa kupokea hakuna mawimbi makali ya kuingia popote.

Ondoa chaja, tumia betri ya kipakatalishi peke yake, punguza nguvu ya redio iwe ya chini kabisa, kisha jaribu. Ikisomeka kwa nguvu ndogo na kushindikana kwa nguvu kubwa, umeshajua. Dawa yake ni vipande vya ferito vya kuzuia mawimbi kwenye kebo, transfoma ndogo ya sauti ya kutenganisha, na kuipeleka antena nje ya dirisha. Na taa za LED za bei ya kutupa zizime pia, ingawa hizo zitakusumbua zaidi katika kupokea.

#20 FundiWaLuthuli

Mama Sola, kwa mita chache za umbali wa antena hilo linawezekana. Lakini kama kebo haina rezista, hata bila mawimbi kurudi, toni zitakuwa zimekatwa tu.

#21 MhandisiJuja

Na kama VOX inakula bendera, hata rezista za dhahabu hazitasaidia. Kasarani, kadi nyingi ndogo za USB zina chipu ya jamii ya CM108, na Dire Wolf inajua kuamrisha mguu wake wa GPIO3 ubonyeze kitufe cha redio kupitia transista moja. Ni mguu namba 13, uko kwenye kona kabisa ya chipu, kwa hiyo mkono usiotetemeka unaweza kulehemu waya hapo. Ukifanya hivyo VOX unaizika. Faida nyingine ni kwamba VOX, hata ikianza vizuri, huchelewa kuacha: redio yako inabaki inarusha ukimya wakati mwenzako ameshaanza kukujibu, na jibu lake linapotea.

#22 Dereva254

Mimi sina leseni bado, ila nina swali. Nina matatu mbili. Je, naweza kuweka vifaa hivi ili nijue ziko wapi bila kulipia data kila mwezi, na niwe nawasiliana na madereva kwa ujumbe uliofichwa ili washindani wasisome?

#23 BintiLimuru

Hapana, kwa sababu mbili. Redio ya ridhaa si ya biashara, na kufuatilia matatu zinazokuletea mapato ni biashara. Na Kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio za ITU kinakataza wanaridhaa wa nchi mbalimbali kuficha maana ya wanachowasiliana, isipokuwa amri za kudhibiti setelaiti. Kila fremu hubeba alama ya mwito ya aliyeituma, waziwazi, na yeyote mwenye redio anaruhusiwa kusoma.

Ukipata leseni na ukaendesha gari lako binafsi, hapo karibu sana. Alama yako itafuatwa na namba kati ya 0 na 15, na mazoea ya APRS, mfumo alioubuni hayati Bob Bruninga, ni kwamba 9 ni ya gari, 7 ni ya redio ya mkononi, na 10 ni ya kituo kinachopeleka fremu kwenye intaneti.

#24 MhandisiJuja

Kwa hiyo matatu iwe na 9 mwishoni na nauli iwe bure. Tutakupanda sote.

#25 MzeeWaMawimbi

Ninaona mmesahau jambo moja. Nyote mnafikiri vituo ni viwili tu hewani. Kikiwepo kituo cha tatu juu ya Ngong, ambako milima inafika takriban mita 2,460, kitasikiwa Kikuyu na kitasikiwa Athi River, lakini Kikuyu na Athi River hazitasikiana. Kila mmoja ataona chaneli iko kimya, watarusha pamoja, na fremu zote mbili zitaharibikia mlimani. Huko Hawaii walilipigia hesabu jambo hili: watu wakirusha ovyo bila kusikilizana, chaneli haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Kasarani, una hakika hakuna mtu wa tatu anayekurukia?

#26 RafikiWaRoysambu

Mzee, tumesikiliza masafa hayo jioni nzima na hatukusikia yeyote zaidi ya sisi wawili. Lakini kama ulivyosema, tusiyemsikia hatuwezi kumhesabu.

#27 MkaaziKasarani

Habari za mchana. Tumefanya kazi mwishoni mwa wiki hii na naleta matokeo. Nimeweka rezista za Fundi, nimepandisha TXDELAY hadi 60, nimepeleka antena dirishani kama alivyoshauri Mama Sola, na rafiki amehamisha menyu yake hadi 1200. Sasa anasoma fremu zangu fupi karibu zote, na namba zake zinaonyesha 52(20/17). Mungu awabariki.

Ila fremu ndefu bado zinapotea nyingi. Nikituma "hujambo" inafika. Nikituma aya nzima, haifiki.

#28 FundiWaLuthuli

Rezista hizo. Karibu tena dukani.

#29 MhandisiJuja

TXDELAY 60, Fundi. Soma vizuri.

#30 BintiLimuru

Mmebadilisha mambo manne kwa siku moja, kwa hiyo kila mtu hapa atadai ng'ombe wake amerudi zizini. Lakini tazameni 20 na 17. Zimekaribiana, na kama mngekuwa na namba za kabla ya kubadilisha menyu tungelinganisha. Hamkuzihifadhi?

#31 RafikiWaRoysambu

Hatukuhifadhi namba, lakini nina faili la sauti nililolirekodi kabla ya kubadilisha chochote. Nimelifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikalivuta hadi nione wimbi moja moja. Vilele vya mawimbi ya toni ya chini ni tambarare, kana kwamba vimepigwa randa. Mawimbi ya toni ya juu ni marefu kuliko hayo kwa wazi kabisa. Na mwanzoni kabisa, sehemu ya bendera ni fupi mno, kisha ujumbe unaanza moja kwa moja.

#32 MamaSola

Kwa hiyo Fundi, Binti na Mhandisi wote wameonekana kwenye picha moja. Mimi peke yangu ndiye nisiyeonekana, kwa sababu mawimbi yanayorudi kwenye kebo hayaachi alama rahisi namna hiyo. Lakini ni mimi ninayeweza kueleza kwa nini fremu ndefu zinakufa: kadiri anavyorusha kwa muda mrefu, ndivyo nafasi ya kadi ya USB kuvurugika inavyozidi. Aijaribu kwa nguvu ya chini kabisa, kama nilivyoomba katika #19, jambo ambalo hajalifanya.

#33 MhandisiJuja

Kuna maelezo mepesi zaidi. Fremu yenye ujumbe wa baiti 256, ambao ndio ukomo wa kawaida, ina biti zaidi ya 2,000 na huchukua karibu sekunde moja na robo tatu kwa kasi ya 1200. "Hujambo" pamoja na anwani haifiki hata robo ya biti hizo. Biti moja tu ikiharibika, yote yanatupwa. Kiwango kile kile cha makosa ambacho hukioni kwenye fremu fupi kitaua fremu ndefu. Makosa yenyewe yanatoka wapi, hilo ni swali jingine. Kwa muda huu, agiza programu yako ya kutumia igawe ujumbe katika fremu za baiti 64 au 128, AX.25 iliyounganishwa itazituma tena zile zinazokosekana.

#34 MzeeWaMawimbi

Au kuna mtu wa tatu. Fremu ndefu hukaa hewani muda mrefu, na anayekurukia anapata nafasi kubwa ya kukurukia.

#35 BintiLimuru

Au VOX inakatika katikati. Kasarani hajasema kama ameshalehemu ule mguu namba 13. Toni za pakiti hazina vituo kama maneno ya mtu, lakini sauti ikiwa imepunguzwa mara mia kwa rezista, huenda sasa iko ukingoni mwa kile ambacho VOX inakihesabu kuwa sauti. Dawa ya Fundi inaweza kuwa imezaa ugonjwa wa Mhandisi.

#36 FundiWaLuthuli

Hiyo sasa ni dhuluma. Lakini inawezekana. Aongeze sauti ya kompyuta kidogo na asiguse rezista.

#37 MkaaziKasarani

VOX bado ipo, transista nimenunua lakini sijalehemu. Nguvu ya chini sijajaribu. Nitabadilisha kimoja kimoja safari hii na kuandika namba kila mara.

#38 MkaaziSouthC

Kabla hujagusa chuma cha kulehemu, angalia kitu ambacho hakigharimu hata senti. Kadi zenu mbili za USB zimepangwa kuchukua sampuli ngapi kwa sekunde, 44,100 au 48,000? Linux huweza kubadilisha kiwango hicho kichinichini bila kumwambia mtu, na ikishindwa kwenda sambamba hudondosha vipande vidogo vya sauti ambavyo sikio halivisikii. Fremu fupi hupenya kati ya mianya hiyo na ndefu hunaswa. Wekeni hapa mstari wa ADEVICE (unaotaja kadi ya sauti) na wa ARATE (unaotaja sampuli kwa sekunde) kutoka kwenye faili zenu za mipangilio, wote wawili, ndipo tuendelee kubishana.